Mkate wa Udaga

Jumapili iliyopita sinia la Meza ya Bwana lilinipita. Mzee wa kanisa letu hapa Mukendo alifika benchi la nyuma nilipokaa na mwanangu, akanitazama, akavuka kama mtu anayeruka dimbwi. Kosa langu ni kuzaa bila ndoa. Baba wa mtoto anaimba besi kwaya kuu, na yeye sinia lilimfikia vizuri tu. Ila, rafiki yangu, kilichonirudisha mbali ni nilichokiona ndani ya lile sinia. Biskuti! Biskuti za pakiti. Siku hizi kila kitu kipo dukani.

Mimi nilikulia kijijini upande wa Butiama, miaka ile rafu za duka zilikuwa tupu na tulikuwaga tunafua kwa majani ya mpapai. Unga wa ngano hauonekani. Basi mkate wa Bwana aliuoka bibi yangu, kwa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na ulezi kidogo. Jumamosi mchana kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga na kuleta makaa. Bibi alikanda, akatandika majani ya mgomba ndani ya sufuria, akafunika, na makaa mengine juu ya mfuniko. Nyumba nzima ilinuka majani yaliyoungua na uchachu wa muhogo. Mate yalinijaa. Kuonja, marufuku.

"Huu si wetu," alikuwa anasema.

Na kweli haukuwa wake. Jumapili wote walikula, na bibi aliyeukanda alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Alikuwa ametengwa.

Kosa lake? Alioa. Usicheke. Alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe zake akamwoa mama yangu, ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, kama wanawake wengi wa kwetu, ili mji usife. Mama akatuzaa sisi kwa mwanamume wa nje, tukahesabiwa wajukuu wa bibi. Kanisa likamwambia atubu, na kutubu kwenyewe ni kumrudisha mama kwao, pamoja na sisi watoto.

Nikamuuliza mwalimu wa Sunday school: "Kama mikono ya bibi inafaa kuukanda mwili wa Bwana, mbona mdomo wake haufai kuula?" Nilikula fimbo mbili za miguu. Akasema watoto wa nyumba kama yetu ndo wanaanzaga hivyo, na maswali. Darasa likaangua kicheko. "Baba yako anavaaga gauni!" mmoja akapaza sauti.

Siku hiyo hiyo nikaiba. Ibada ilipoisha, watu wakisalimiana nje, niliinua kitambaa mezani, nikachukua kipande kilichobaki, nikakimbia nacho mpaka nyumbani. Bibi alikuwa ameshafika, anasonga ugali.

"Bibi, kula. Kimeshaombewa."

"Nani kakupa?"

"Nimechukua."

"We mwizi!" Akacheka. Kisha akakishika, akakigeuza, nikaona koo lake linameza mate. Alikitaka, jamani. Miaka alikuwa anakitaka. Akanirudishia kiganjani.

"Sikia, mama. Hawa wanataka nikile siku ambayo nyie hampo hapa. Sasa mimi nikile cha nini? Kula wewe."

Nikala. Kilikuwa kikavu na kichachu.

Alikufa hajakionja. Wazee wa kanisa walikataa kuja na kwaya kumzika, ila nyama ya msiba walikuja wakala. Sufuria lile sijui liliishia wapi, na nyumba imeanguka. Ukiniuliza kama bado naamini, nitakwambia sijui. Naenda, naimba, nyimbo zote nazijua kwa kichwa. Lakini Mungu anayehitaji mtoto afukuzwe ndipo bibi yake apate kipande cha muhogo, huyo simwelewi, na sijawahi kupata mtu wa kunieleza bila fimbo.

Mzee wa sinia alinisubiri mlangoni. "Dada, Jumapili ijayo simama mbele utubu, mambo yaishe."

"Nitubu nini, baba? Huyu?" Nikamwinulia mwanangu mpaka usoni kwake. Akageuka kusalimia waliokuwa nyuma yangu.

Jana nimenunua udaga sokoni. Sijui kama nitaipata harufu ile. Nitaweka makaa chini na juu, na wa kwanza kuonja atakuwa mwanangu.