Chafya za Paka na Koti la Baba

"Marashi yako ndiyo yanayomuua paka wangu, wifi! Unajipulizia kama unazima moto!"

Mke wa kaka yake Bi Kesho aliiweka chupa mezani. "Marashi nimenunua juzi. Paka wako anapiga chafya mwaka mzima. Mpeleke kwa daktari, usinisingizie."

Bi Kesho akavuta kapu. Jina hilo alipewa na wateja, maana nguo kwake huwa tayari kesho tu. Miaka ishirini na sita kwenye cherehani, ulimi mkali kuliko mkasi. Lakini paka huyu alikuwa wa marehemu baba yake, na hakuwa tayari kumzika paka naye. Akamtia kapuni, akaondoka.

Daktari wa mifugo alimtazama macho na pua, akampima joto. "Mafua hana. Kuna kitu kinamwasha pua. Analala wapi?"

"Kwenye koti la baba."

"Linafuliwa?"

Bi Kesho alimkazia macho kana kwamba ametukaniwa ukoo. Koti lile halikuguswa na maji tangu mzee aondoke. Akizidiwa na upweke, huzamisha uso kwenye kola, na baba huyo hapo: jasho, sabuni ya kipande, ugoro. Humwona kabisa kibarazani, anabana ugoro kwa vidole viwili, anavuta, kisha anapiga chafya za kuamsha mtaa, na wanawe wanaanguka kwa kicheko.

"Lifue," daktari akasema, "la sivyo atazidi kuumia."

Siku mbili alilikwepa. Ya tatu, paka akapiga chafya mpaka kidevu kikagonga sakafu. Basi. Akalichukua koti, akafumua bitana, kitambaa cha ndani, ili alifue vizuri. Kwenye pindo la chini akakuta ugoro, konzi nzima, umetulia kama mchanga. Ulikuwa ukipenya kwenye tundu la mfuko.

Tundu hilo alilijua. Mzee alimletea mara ngapi? "Mwanangu, ugoro wangu unanitoroka." Naye, macho kwenye sindano: "Kesho, baba." Nguo za watu zikatoka, koti la mzee likangoja. Mganga hajigangi, na fundi hamshonei babaye.

Wifi alimkuta sakafuni, machozi na chafya vinashindana. Alitaka kucheka, akajizuia. "Lete nikufulie."

"Utalitia marashi."

"Hata tone. Lete, wifi yangu."

Lilipokauka lilinukia jua na sabuni. Harufu ya mzee ilikuwa imekwenda zake. Bi Kesho aliwaambia wateja wawili mlangoni wasubiri. Akachagua kipande cha kitambaa kizito, akashona mfuko kwa mkono, mishono midogo iliyobanana, kisha akarudia juu yake. Akaingiza kidole, akakizungusha kila kona. Hakikutokeza popote.

"Tayari, baba," akasema, akakata uzi kwa meno.