Tangi la Vipimo vya Gauni

Shemeji alikuwa mwenyekiti wa ukoo, cheo alichojipa siku ya mazishi ya kaka yake kabla udongo haujakauka. Kikao chake cha kwanza kiliamua mambo mawili: chai iongezwe sukari, na gari la marehemu, lililokuwa likiwaka na kuzimika kila baada ya nyumba tatu, liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Likitoka getini na kuzunguka mtaa bila kuzimika kabla ya Jumamosi saa sita, ni lako, shemeji," alimwambia mjane. Kikao kikacheka.

Mjane, fundi cherehani aliyeitwa Sindano kwa sababu ya mdomo wake, hakucheka. "Mmesikia wote. Msije mkapatwa na usahaulifu wa ghafla."

Fundi wa magari wa pale kona alikuwa amebadilisha chujio la mafuta mara nne. Kila mara lilijaa uchafu, na kila mara alilaani machujio ya siku hizi. Sindano aliuliza swali moja tu: uchafu wenyewe unatoka wapi?

Jumatano alichomoa waya wa betri, akapandisha gari juu ya stendi, akatoa petroli kwa mpira hadi kwenye madumu. Ilitoka nyekundu kama chai ya kikao. Shemeji akapita kukagua, sigara mdomoni.

"Rudi nyuma na moto wako!"

"Unamfokea mwenyekiti?"

"Namfokea mtu anayetaka kuzikwa ndani ya bahasha."

Tangi liliposhuka, alimulika ndani kwa tochi. Kutu ilikuwa imebanduka magamba kwa magamba. Upande wa chini, tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Akamwita fundi wa kona.

"Hii nini?"

"Dawa hiyo, mama. Si imekaa miaka miwili?"

"Na mimi nikikuzibia suruali matakoni kwa sabuni, utaivaa miaka miwili?"

Alibonyeza bati kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili. Hapo hapakuwa na cha kuchomelea. Na matangi ya gari lile hayatengenezwi tena.

Basi Alhamisi alilifunika tangi kwa magazeti, akakata vipimo kama vya gauni: mgongo, ubavu, shimo la pampu, mahali pa mdomo. Akakunja, akaenda kwenye uwanja wa magari mabovu.

"Mama, siku hizi matangi yanavaa sketi?" wauzaji wakamtania.

"Langu linavaa. Na wewe ukiendelea nitakupima."

Alitambaa chini ya magari kumi bila kupata. La kumi na moja lilikuwa kigari cha kubebea mboga, cha kampuni tofauti kabisa, na gazeti likakaa sawasawa kwenye tangi lake. Akalifungua, akachungulia: ndani bati linang'aa. Akalinunua. Nyumbani akalijaza maji, likakaa hadi jioni bila kudondosha tone. Akalikausha.

Ijumaa, yeye na fundi wa kona wakalipandisha. Likacheza. Sindano alitazama mwanya uliobaki, akajitukana mwenyewe: mkono uliozoea nguo ulikuwa umekata gazeti ndani ya mstari, kana kwamba unatoa nafasi ya mshono, vidole viwili kila upande, na tangi likawa dogo.

"Sasa?" akauliza fundi, amelala chali, tangi kifuani.

"Sasa tunapunguza kiuno."

Akakata vipande vya tyubu kuukuu, akavikunja pindo, akavipachika kati ya tangi na mikanda ya chuma inayolishika, akakaza nati mpaka likatulia. Mipira mipya, chujio jipya, petroli safi, na waya wa betri ukarudishwa.

Jumamosi saa tano shemeji alifika na lori la vyuma. Sindano akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likawaka, likapita getini. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Shemeji akatabasamu mapema. Ya nne. Ya kumi. Likapotea kwenye kona, likarudi kwa upande mwingine, likasimama pua kwa pua na lori.

Sindano alishuka, akalibeba tangi la zamani pamoja na sabuni yake, akalitupa ndani ya lori.

"Lisirudi tupu. Mwenyekiti, kikao kimefungwa."

Akapanda tena, akapiga honi bila sababu yoyote, akaenda zake mzunguko wa pili.