Baruti Iliyoandikwa Mapema

Papa Ngosa hakunywa chai ya asubuhi mpaka kikombe kikae kwanza juu ya sanduku la chuma, naye akikodolee macho. Chai ikitulia, anakunywa. Ikitetemeka, anaandika saa kwanza.

Sanduku lilikuwa ndani ya kibanda alicholinda kule Ruashi, mahali nyaya za internet za mtaa zinapotokea ardhini. Mademoiselle Daniella wa chuo alifunga mashine yake humo. Mashine ilipitisha mwanga ndani ya waya, na ardhi ikitikisika popote waya unapopita, mwanga ulibadilika. Ila mashine haikujua kutenga tetemeko na baruti ya mgodi. Hapo ndipo Papa Ngosa alipohitajika: mgodi ukilipua, aandike saa, na pembeni neno "baruti". Kilichoandikwa hivyo, Daniella alikiondoa kwenye orodha ya matetemeko.

Miaka miwili mgodi ulilipua saa kumi na moja jioni, hauruki siku. Basi Alhamisi moja, akitaka kwenda mpakani Kasumbalesa kumpokea dada yake, Papa Ngosa aliandika kabisa asubuhi: saa kumi na moja, baruti. Nani angejua?

Siku ile mgodi haukulipua. Wafanyakazi walikuwa kwenye kilio cha mwenzao. Lakini saa kumi na moja ardhi ilitikisika, yenyewe.

Kesho yake jirani, Mama Kalaba, aliyejijengea nyumba ya matofali mabichi, alikuja kibandani.

— Mademoiselle, jana udongo ilitetemeka mubaya. Ukuta iko na ufa. Nilale mule kweli?

Daniella akafungua daftari.

— Ilikuwa baruti ya kila siku, mama, si tetemeko la kurudi usiku. Papa Ngosa ameandika.

— Njo vile, Papa?

Papa Ngosa, ambaye njiani akirudi na dada yake alikuwa ameshasikia kwamba mgodi haukulipua kwa ajili ya kilio, aliinamia chai yake.

— Njo vile, mama. Baruti tu.

— Bon! Mwenye mashine na mwenye kikombe bamesema. Miye nani nibishane na chai?

Akaenda zake anacheka.

Jumapili ardhi ilitikisika tena, kidogo tu, hata chai isingemwagika. Ukuta wa Mama Kalaba ukamwangukia mguuni, mfupa ukavunjika mara mbili.

Papa Ngosa alimpelekea mikate hospitalini. Mama Kalaba akamshika mkono.

— Usiwaze, Papa. Ile mugodi njo imenivunja. Weye uliandika yako muzuri.

Asubuhi ya Jumatatu aliweka chai juu ya sanduku, akafuta lile neno "baruti" la Alhamisi, akaandika: Sikuwapo. Akampa Daniella daftari.

Daniella alisoma, akasoma tena.

— Papa, lakini Ijumaa Mama Kalaba alikuuliza. Mbele yangu.

— Aliniuliza, ndiyo.

Akaacha ufunguo wa kibanda mezani, akatoka. Daniella alidhani anaenda kununua sukari dukani. Mpaka jioni kikombe kilikuwa palepale, kimejaa, na hakuna aliyekuja kukinywa.