Sala ya Mwalimu Asteria Ngitilini

Mimi nafundisha hesabu, na hesabu haiombewi: ama inatoka, ama haitoki. Ndiyo maana mwenzangu Asteria, mwalimu wa kemia hapa Nyahanga, ananichanganya. Kipindi chake huanza kwa sala. Halafu wanafunzi hughani mashairi waliyotunga wenyewe kuhusu zebaki, jinsi inavyonasa dhahabu kwenye karai na jinsi moshi wake unavyoharibu mapafu. Nimemcheka sana. Lakini wanafunzi wake wanafaulu kuliko wangu, na hilo nalo sijalielewa.

Mwaka huu aliwapeleka kwenye ngitili, yale malisho ya kijiji ambayo hayaguswi mpaka kiangazi kikaze. Wakaghani, wakaimba Kisukuma, kisha Asteria akapiga magoti akaiombea ardhi ile isidhurike. Wazazi walijaa kutazama. Hata mimi nilivua kofia, sijui kwa nini.

Baada ya mavuno mimi na Asteria tukaona moshi ngitilini, tukaenda mbio. Tulimkuta Juliana, mchimbaji mdogo wa pale kijijini, mtoto mchanga mgongoni, akichoma donge la dhahabu na zebaki kwenye kikaango ili zebaki itoke na moshi, ibaki dhahabu. Bintiye mkubwa, Blessing, yule anayeongoza sala darasani kwa Asteria, alikuwa anachochea kuni.

"Mama Blessing, unafanya nini hapa?" Asteria akauliza.

"Si ulisema moshi wa zebaki jikoni unaua, mwalimu? Nimeuleta huku palipoombewa. Hapa sumu haina nguvu."

"Inayo! Ng'ombe watakula majani haya. Na huyo mtoto anavuta moshi."

Juliana hakukasirika. Alishangaa tu. "Kwa hiyo sala yako haikufanya kazi?"

Asteria alimgeukia Blessing. Blessing alikuwa anamtazama.

"Sijui," akasema.

"Basi bora nirudi jikoni. Kwangu angalau hakuna upepo wa kunisumbulia moto." Akaanza kuokota vyombo.

"Haikufanya kazi!" Asteria alipiga kelele. "Sala haizuii zebaki, Mama Blessing. Zima moto, mtoe mtoto hapa!"

Juliana akamwaga mchanga kwenye moto, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu nilipita dirishani kwa Asteria. Darasa lilikuwa limesimama, vichwa vimeinama, wanasubiri. Akamwambia Blessing aanze sala kama kawaida.

"Tuombe nini, mwalimu?" Blessing akauliza.

Asteria aligeukia ubao, chaki mkononi. Nikajikuta na mimi nimeinamisha kichwa pale dirishani, nasubiri pamoja nao.