Sauti ya Tatu

Siku mwalimu wa kwaya aliponiambia nifungue mdomo bila kutoa sauti, nilikuwa nampima shati. Tulikuwa katika chumba cha mazoezi nyuma ya kanisa letu la mtaa wa Woodley, Nairobi, tepu ya kupimia ikiwa bado mabegani mwake, nami naandika vipimo kwenye daftari. Kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi wimbo wake wa kwanza, na sare mpya nilipewa mimi nizishone. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko ghorofa ya pili ya jengo moja katikati ya jiji, na katika kwaya hiyo nimeimba tangu binti yangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionifunga mdomo. Alinieleza kwamba studio si kama kanisani, kwamba kule kila pumzi inasikika, na kwamba sauti yangu ni nzito mno kukaa na za wanawake wenzangu. Nikiimba na wanaume nako watu watauliza maswali.

"Mama, siku hiyo wewe simama tu na wenzako," akaniambia. "Fungua mdomo, tabasamu. Hakuna atakayejua."

Nikamwambia ageuke nimpime mgongo.

Sauti yangu imekuwa hivyo tangu utotoni. Kwetu, magharibi, nilipoanza kuimba niliwekwa kusimama pamoja na wavulana kwa sababu sauti yangu ilifika pale, na hakuna aliyeona ajabu. Huku Nairobi mwalimu aliyekuwapo kabla ya huyu aliniweka katika sauti ya tatu, ile inayokaa kati ya wanawake walio juu na wanaume wa besi walio chini. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika mstari ule, na nilidhani jambo hilo lilikwisha zamani.

Studio ilikuwa Kilimani, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo nje ungedhani watu wanaishi tu. Ndani kuta zilikuwa zimevikwa magodoro meusi. Nilisimama mstari wa pili katika gauni nililolishona kwa mikono yangu, nikafungua mdomo, nikatabasamu. Tulirudia wimbo mara nyingi sana. Mwisho fundi wa mitambo alitupongeza mmoja mmoja kwa mkono, na aliponifikia mimi akasema, "Kazi nzuri." Nikamjibu asante. Njia nzima ya kurudi nyumbani Uthiru niliona aibu kwa ile asante kuliko kwa kitu kingine chochote.

Wimbo ulipotoka ulienea upesi. Majirani zangu Uthiru waliupiga wakifua nguo. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake aliniwekea kwenye simu yake mwenyewe, akaniuliza kama naisikia sauti yangu pale. Nikacheka, nikamkunjia sketi.

Alipoondoka nikachomeka waya za masikioni nikausikiliza peke yangu, kazi ikiwa imelala chini ya sindano. Mara ya kwanza niliusikia kama walivyousikia wengine wote, wimbo mtamu. Mara ya tatu niliacha kuufuata wimbo, nikaufuata mstari mmoja tu, ule wangu. Kwenye kiitikio wanawake wanapanda, besi wanashuka, na pale katikati walikuwa wanaume wawili wakiokotaokota noti kwa woga. Niliufananisha na gauni lisilo na bitana. Kwa mbali linapendeza, ila anayelivaa anajua.

Jioni nilimweleza binti yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na alikuwa nyumbani akingoja kuanza masomo. Hakuwa ameambiwa kwamba sikuimba. Akachukua simu yake.

"Mathe, niko na ile ya mazoezi," akasema. "Nilirekodi mwaka juzi nikikungoja. Hapo ni wewe unasikika."

Akanitumia. Nilikaa nayo siku mbili bila kuifungua, kwa sababu niliogopa kwamba mwalimu alikuwa sawa.

Na katika jambo moja alikuwa sawa. Nilipoifungua hatimaye, nimekaa kwenye cherehani saa za mchana wateja wakiwa wachache, kitu cha kwanza nilichosikia ni kosa langu. Kwenye ubeti wa pili, kila nikivuta pumzi, naingia nimechelewa. Na mwisho wa mstari wenzangu wote wakiwa wameshaacha neno, mimi bado nimelishika, kama mtu anayekataa kutoka mlangoni. Iliniuma. Miaka yote ile nilijihesabu mwimbaji asiye na doa.

Lakini niliendelea kusikiliza, wiki nzima, kila siku saa ile ile. Kosa nikalizoea, nikaanza kusikia mengine. Nilisikia kwamba wale wanaume wawili waliokuwa wakiokotaokota noti studio, katika rekodi hii wanaimba bila woga, kwa sababu wananiegemea. Nilisikia kwamba sauti yangu haipigani na mtu. Ni nzito, ndiyo, na iko mahali pake. Na siku moja, nikiwa nimeshika mkasi, nilijiuliza ni wapi kwingine nimewahi kusimama nikitabasamu mdomo wazi.

Jibu halikuhitaji kutafutwa. Binti yangu alitaka kujifunza umekanika wa magari. Tangu baba yake afariki, mkubwa wa ukoo kwetu ni shemeji yangu, na shemeji alikuwa amekuja sebuleni kwangu akakata shauri kwamba msichana atasomea kazi za ofisi. Nilikuwapo. Nilimimina chai, nikatikisa kichwa, nikasema tutaona. Binti yangu aliniangalia wakati ule, nami nikaangalia birika.

Nilimpigia shemeji siku hiyo hiyo, pale pale dukani, cherehani za majirani zikilia pande zote. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, kisha nikamwambia kwamba mtoto ataenda umekanika. Akashangaa, akanikumbusha kwamba tulishaelewana. Akaeleza kwa kirefu kuhusu mafuta, kuhusu wanaume wa gereji, kuhusu watu watasema nini. Nilimwacha amalize.

"Shemeji, nakuheshimu," nikamwambia. "Lakini huyu ni mtoto wangu, na nimeshamwambia aende." Hiyo ya pili haikuwa kweli bado. Niliifanya kweli nilipofika nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilivaa sare yangu nikaenda Woodley mapema. Kwaya ilipoitwa mbele sikwenda kwa wanawake. Nilisimama sauti ya tatu, kati ya wale wanaume wawili, na mmoja akasogea kunipa nafasi bila kuniuliza. Mwalimu aliniona. Aliinua mkono wa kuanza, akautumia ule mwingine kunionyesha nishushe sauti, taratibu, kiganja kikielekea sakafuni. Nikamtazama machoni nikaimba. Kwenye ubeti wa pili nilivuta pumzi mapema, nikaingia pamoja na wenzangu, na mwisho wa mstari nikaacha neno walipoliacha.

Baada ya ibada alinifuata nje, karibu na lango.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Ulisema wewe," nikamjibu. "Mimi nilinyamaza. Sikukubali."

Akasema kwamba naleta mgawanyiko katika kwaya. Nikamwambia kwamba nimejisikiliza wiki nzima na nimeona ninapokosea, nachelewa na navuta maneno, na hayo anisahihishe mbele ya watu wote akitaka. "Ila sauti yenyewe siirekebishi," nikasema. "Hii ndiyo niliyo nayo." Alifunga Biblia yake vizuri, akasema atalipeleka kwa kamati.

Kamati ilikaa. Wazee wale ni watu wema, na watu wema hupenda mambo yatulie. Waliamua kwamba naweza kuimba kanisani, ila wakati wa kurekodi kwaya itachagua sauti inazohitaji. Nikawaambia asante kwa hilo la kwanza, na hilo la pili sitalishonea sare. Mmoja alicheka akidhani ni utani. Miezi michache baadaye kwaya ilirekodi wimbo wa pili, Kilimani kule kule, wamevaa nguo zilizoshonwa na fundi mwingine. Nimeusikiliza. Ni wimbo mzuri, siwezi kusema uongo, na mikono ya yale mashati imekatwa vibaya.

Sijutii kubaki nje. Iliniuma, sisemi haikuniuma, kuwaona wanapanda ngazi za studio kwenye picha mimi sipo. Lakini afadhali nisiwepo kuliko niwepo bila sauti. Kila Jumapili nasimama pale katikati, na mwalimu haniashirii tena nishushe sauti. Ananipita kwa macho kama nguzo. Juzi tu alinisahihisha mbele ya wote kwamba nimeanza kukimbiza wimbo, na alikuwa sawa, nikapunguza.

Binti yangu anarudi jioni na kucha nyeusi. Shemeji hajapiga simu tangu siku ile, nami sijaenda kumbembeleza. Na siku hizi naimba hata nikiwa kazini, kwa sauti kamili, mguu ukiwa kwenye kanyagio. Mwenye duka la viatu upande wa pili wa ukuta alilalamika mara mbili. Mara ya tatu alikuja mwenyewe mlangoni akaniuliza kama siwezi kuimba kwa sauti ya chini kidogo, wateja wake hawasikii bei.

Nikamwambia naweza. Kisha nikarudi kwenye ubeti wa kwanza, kwa sauti ile ile.