Ngoma za Vanishi na Vijiti vya Mama Neema

Nakumbuka Jumapili moja ya Januari kule Brampton, pembeni ya Toronto, mwanangu, mwanamke mmoja alinyang'anywa vijiti vya ngoma mbele ya kanisa zima kwa kosa nililolifanya mimi. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na nikanyamaza. Tangu hapo nimehama nyumba mara sijui ngapi, lakini hasira ya siku ile haijawahi kunihama.

Nakuambia haya kwa sababu umeniletea simu yako yenye picha mbili za ngoma, seti nzima na matoazi yake, unaniuliza nikuchagulie: zilizovalishwa plastiki au zilizopakwa vanishi? Ulitaka jibu la neno moja. Hulipati. Kaa chini.

Mimi shule niliiacha Tabora nikiwa darasa la sita, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa makalio ya kukaa. Nilitaka kujua kila kilichokuwa nje ya dirisha. Redio nimefungua, saa nimefungua, pampu ya maji ya jirani nimeifungua nikashindwa kuifunga. Nilipofika Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tabia hiyo nilikuja nayo. Nilipanga mizigo kwenye maghala ya Malton, ndege zikinipita juu ya kichwa. Nikafua mashuka ya hoteli. Nikaosha magari mpaka vidole vikapasuka. Mwisho nikaangukia kwa Mzee Shamsu, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, aliyekuwa na karakana ya samani Richmond Hill na Kiswahili kizuri kuliko changu. Yeye ndiye aliyenifundisha vanishi. Unapiga msasa, unapaka, unasubiri. Unapiga msasa tena, unapaka tena, unasubiri tena. "Kusubiri nako ni kazi," alikuwa akiniambia, "na ndiyo kazi inayokushinda."

Sasa, nilikuwa nasali Brampton katika kanisa la Wakongo na Warundi. Jengo hawakuwa nalo. Walikodi ukumbi wa shule kila Jumapili, kwa hiyo ngoma zililala nyumbani kwa mpigaji. Mpigaji alikuwa Mama Neema, mtu wa Uvira. Siku za kazi aliwahudumia vikongwe katika nyumba ya wazee, na Jumapili alipiga ngoma mpaka kuta zikaitika. Alizipakia kwenye gari lake, akazishusha, akazipiga, akazipakia tena, theluji au jua. Zilikuwa zimevalishwa plastiki nyekundu ya kumetameta, imechubuka kila upande, na pale kwenye kiungo imeanza kubanduka. Kamati ikaamua zifanyiwe ukarabati. Nikajitolea. Na walikuwamo humo kamatini watu ambao walikuwa hawajazoea bado kumwona mwanamke nyuma ya ngoma. Hilo liweke akilini.

Mama Neema akaniletea ngoma kwenye gereji nilikokuwa nimepanga kona ya kufanyia kazi.

"Weye fundi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "utazivalisha plastiki ingine, njo nguo yazo. Hata ukiigonga kwa mulango, inakucheka tu."

"Mama, plastiki ni ya kuficha mbao. Ngoja uione mbao yenyewe ikivuliwa."

"Mi sitaki kuona mbao. Mi ninabeba. Weye unabeba?"

Nikacheka. Mwanangu, nilimcheka! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nampa mwenye kitanda somo la kunguni.

Alipoondoka, nikaipasha moto ile plastiki kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi ikalegea, nikaibandua. Chini yake nikakuta mbao nyeupe yenye mistari kama maji yanayotembea. Nikapagawa. Nikajiona natajwa Toronto nzima. Sikumwuliza mtu tena. Nikachanganya vanishi ya rangi ya asali nikaanza kupaka, na kwa kuwa Krismasi ilikuwa inakaribia, tabaka la juu nikaliweka kabla la chini halijakauka sawasawa. Gereji yenyewe haikuwa na joto la maana. Nilijua. Usije ukadhani sikujua. Mzee Shamsu alikuwa amenifundisha yote hayo kwa mdomo wake, nami niliyaweka pembeni kwa sababu nilitaka kusifiwa siku ya Krismasi.

Na nikasifiwa. Mwenyekiti wa kamati alizipapasa zile ngoma kama mtu anayenunua farasi. Mama Neema alizitazama kwa mbali, akasema, "Iko muzuri. Tutaona."

Tukaona. Januari ilikuja na baridi ile ya kugandisha nywele za puani. Ngoma zinatoka kwenye gari zimepoa kama mawe, zinaingia ukumbini ambako hita zinavuma kama tanuri. Mbao inajikunja, inajikunjua, na vanishi yangu mbichi haiwezi kuifuata. Ikapasuka nyufa nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Ngoma kubwa ya mguu ikabambuka vipande, rangi ya asali ikawa ukurutu.

Jumapili hiyo, matangazo yalipokwisha, mwenyekiti alikishika kipaza sauti hakukirudisha. Akasema kuna watu hawajui kutunza mali ya Mungu, wanailaza ndani ya gari kama gunia la viazi. Akasema, "Tulionya tangu mwanzo, kazi nyingine zina wenyewe." Kisha akamwambia Mama Neema aweke vijiti chini.

"Mi sijazilaza kwa gari hata siku moja," Mama Neema akajibu. "Zinalala salon kwangu, njo sebule. Mi na watoto tunapitia kwa pembeni, kama wageni."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Akageuza kichwa akanitazama. Hakunitaja jina, alinipa nafasi nisimame mwenyewe. Nami nikainama kana kwamba nafunga kamba za kiatu. Kiatu changu siku ile, mwanangu, kilikuwa cha zipu.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Mimi nilikuwa mbaya kuliko methali. Nilichuma, nikampa mwingine ale peke yake.

Wiki tatu nikala, nikalala, nikaenda kazini. Siku moja nikamsimulia Mzee Shamsu, tena kwa ujanja, kana kwamba nauliza habari za vanishi tu: kwa nini ipasuke? Akaiweka brashi chini.

"Plastiki aliitaka nani?"

"Yule mama."

"Vanishi?"

"Mimi, Mzee."

"Na aliyefukuzwa?"

Nikaokota msasa nikaanza kupiga ubao uliokwisha kulainika.

"Nilikufundisha kusubiri vanishi ikauke, bwana mdogo. Sikukufundisha kusubiri mke wa watu asahauliwe. Toka. Usikanyage hapa mpaka umesema."

Nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti jioni ileile. Nikapewa chai, nikakiri. Mwenyekiti akanishika bega: "Tumekuelewa, ndugu yangu. Tutampigia simu arudi, tuyamalize kimyakimya. Kwa nini tuamshe maneno?" Nilitoka pale mwepesi kama unyoya. Kesho yake nikarudi karakana nikatangaza, "Mzee, nimesema."

"Umesema wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Nyumbani kwake."

Aliipiga meza kwa kiganja mpaka misumari ikaruka. "Mtu katukanwa kwa kipaza sauti, nyinyi mnamsafisha kwa kikombe cha chai? Waliocheka walikuwepo kwenye chai? Ee? Walikuwepo?"

Jumapili iliyofuata nilisimama. Nikasema yote, bila kujipunguzia: aliyetaka plastiki, aliyetaka sifa, aliyepaka kwa haraka, aliyenyamaza. Na unajua walifanya nini? Walinipigia makofi! Mimi! Mchungaji akauita ushuhuda. Mwenyekiti akanikumbatia, na kuhusu maneno yake mwenyewe hakutamka hata nusu sentensi. Kwenye kiti cha ngoma alikuwa amekaa mpwa wake. Nikaangaza macho ukumbi mzima nikimtafuta Mama Neema. Hakuwepo. Walikuwa wamempigia simu kweli. Aliwauliza kama watatangaza mbele ya watu, wakamjibu hakuna haja, naye akawaambia basi.

Nikamfuata kwake. Alinifungulia akiwa na mwiko mkononi, sombe, kile kisamvu chao, inachemka nyuma yake. Nikamweleza.

"Walipiga makofi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa weye?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vraiment, kweli kabisa! Mi nimewapigia ngoma miaka mine, na makofi yao sikuyajua." Akakoroga chungu kidogo, akarudi mlangoni. "Ungesimama ile siku nikiwa nimekaa pale, ningebaki. Ile siku tu. Sasa enda, mudogo wangu. Mi sikulaani. Ila kule sirudi."

Hakurudi. Ngoma nilizivua vanishi yote nikazivalisha plastiki kwa mikono yangu, nikailaza vizuri isiwe na kiputo hata kimoja, kiungo nikakificha chini ya vyuma. Zilipendeza. Lakini yule mpwa alizipiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, na kila nilipomsikia nilitamani kupasua kitu.

Sasa nakujibu. Ngoma yako ikiwa itakaa mahali pamoja, penye joto lisilopanda na kushuka, na una subira, paka vanishi. Hakuna nguo inayoishinda mbao nzuri. Ikiwa itapanda magari, itapita milango na baridi ya huku, ivalishe plastiki, na usimwonee haya mtu. Watakaokuambia moja inalia vizuri kuliko nyingine, waache wabishane; mimi nimefunga macho nikasikiliza zote mbili na sikuweza kuapa. Ila kabla hujachagua chochote, mwulize atakayebeba. Mwulize, kisha nyamaza umsikie.

Na la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikukalishe chini. Kazi yako ikiharibika, sema "ni mimi" mahali palepale, mbele ya walewale, kabla mwingine hajatajwa. Kosa la hadharani halifutwi jikoni. Ukichelewa, utasema kweli na kweli yako itakuletea wewe makofi, na aliyeumia atabaki na sombe yake. Ukiwa umekaa kwenye kamati, ukamsingizia mtu, wewe nawe rudi kwenye kipaza sauti kilekile. Usinipe habari za kulinda amani. Amani ya namna hiyo nimeiona, ilikuwa na kiti kitupu katikati.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye subira na masikio makubwa kuliko mdomo. Siku ukikosea, na utakosea, akuinue haraka usimame, aliyeonewa angali yumo ndani akusikie.