Sahani Iliyofunikwa ya Mama Spesioza

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila ninapoona vijana wa kanisa wakipakia mizigo kwenye gari. Umeniuliza kama safari ya huduma inamsaidia kweli kiongozi kuwalea vijana katika imani, au ni matembezi tu yenye nyimbo. Nitakusimulia siku hiyo, kisha upime mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ambayo wakimbizi walikuwa wakiingia Kigoma kila wiki, wengine kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kutoka Burundi, kwa mitumbwi au kwa miguu, masufuria kichwani. Mimi nilikuwa binti bado, nikifundisha darasa la kipaimara katika kanisa letu pale Katubuka. Vijana walikariri mafungu, wakanijibu vizuri, wakaenda zao. Zaidi ya hapo sikuwajua. Utamjuaje mtoto unayemwona saa moja kwa wiki, nguo zimepigwa pasi, na mama yake ameshamwonya atulie?

Niliyemjua kidogo ni Salome, kwa sababu alikuwa mbishi. Kila agizo aliliulizia sababu. Kamati ya kanisa ilikuwa imeshamwonya, na mwenyekiti akaniambia waziwazi kwamba akivunja agizo lingine, anatoka darasani. Maana yake asingepata kipaimara na wenzake, na mama yake alikuwa ameshamshonea gauni jeupe.

Basi kanisa likanituma na vijana kwenye kambi ya wakimbizi kupeleka sabuni, nguo na gunia la dagaa. Kamati ilitoa agizo moja zito: mtu asile chakula cha wakimbizi. Sababu yake haikuwa mbaya. Mgao wao ulikuwa mdogo, na kuharisha kulikuwa kumeingia kambini. Tulibeba mikate yetu. Lori liliendeshwa na Mzee Hamisi wa Ujiji, Mwislamu mtaratibu aliyetukodishia gari lake kwa bei ya mafuta tu.

Tulipanda vilima huku tukiimba. Tukafika na vumbi hadi kwenye kope, tukagawa tulichobeba, tukasali na watu. Jua lilipokuwa kali, mama mmoja wa Kirundi, Mama Spesioza, akatufuata. Alikuwa ametandika mkeka mbele ya hema lake, amepika maharage na ugali wa unga wa njano wa mgao, na sehemu ya dagaa zile zile tulizompa asubuhi. Alisimama na birika la maji ya kutunawisha.

"Karibuni, wanangu. Ni kidogo, lakini ni cha moto."

Nikamshukuru, nikamwambia tumeshiba. Vijana wakatazama chini. Unajua desturi yetu Waha, na Warundi vilevile: mgeni akikataa kunawa, ni kama amesema nyumba hii si nyumba. Mama yule aliendelea kushika birika, maji yanadondoka kidogo kidogo.

Mzee Hamisi akavua kandambili, akakaa mkekani, akakinga mikono.

"Mzee, na agizo la kamati?" kijana mmoja akamuuliza.

"Kamati yenu hainihusu, mjukuu wangu. Mimi msikitini kwetu hawajanikataza dagaa." Akasema Bismillahi, akamega tonge.

Vijana wakacheka kwa kujizuia. Salome hakucheka. Alikwenda akakaa karibu na Mama Spesioza, akakinga mikono yake pia. Nikamwita kwa jina. Akanitazama, akajua vizuri anachopoteza, akanawa.

Nikamfuata nikamwinamia sikioni. "Salome, unajua nitalazimika kusema."

"Sema, dada. Lakini muulize kwanza mama ile sahani ni ya nani."

Pembeni ya mkeka palikuwa na sahani moja imepakuliwa, imefunikwa na nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama pale muda wote na sikuiona. Nikamuuliza mama. Akajibu polepole, Kirundi chake kikichanganyika na Kiswahili, na sisi tuliokulia kwenye Kiha, ndugu wa Kirundi, hatukukosa neno. Alikuwa na binti, rika la Salome. Walipotezana ufukweni wakati wa kukimbia, mtumbwi ulipojaa na watu wakasukumana. Kila anapopika humpakulia.

"Leo nilipika nikiwa na furaha," akasema. "Nilisema, leo watakula wasichana."

Mwanangu, nilikaa. Sikumbuki niliamua lini. Nikanawa, na vijana wote wakanawa, tukala kile chakula kidogo, kila mtu akimega padogo ili kitoshe. Mama Spesioza alifunua ile sahani, akaisogeza kwa Salome. Salome alikula na machozi yanamwingia mdomoni, na hakuacha hata punje ya harage.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba. Tulipofika mjini nilikwenda kwenye kamati nikaeleza yote, langu na la Salome. Kamati ikashika neno lake: Salome akatolewa darasani hadi mwaka uliofuata, na mimi nikapumzishwa kufundisha kwa muda. Mama yake Salome alinuna, gauni likakunjwa sandukuni. Sikumlaumu.

Lakini wiki ile ile, Salome akaja jikoni kwangu. Akaanza kunisaidia kuchambua mchele, kisha akauliza, "Dada, Mungu alikuwa wapi pale ufukweni?" Darasani hakuwahi kuniuliza swali kama hilo, wala mimi nisingekuwa na ujasiri wa kulipokea. Sikuwa na jibu zuri. Tulisoma pamoja, tukasali. Akaja tena, na tena, na baadaye akaja na wenzake. Darasa langu la kweli lilianzia pale jikoni, nikiwa nimesimamishwa kufundisha.

Ndiyo maana nakuambia, wapeleke. Safari haiwafanyi vijana kuwa watakatifu, ila inakufanya uwaone, na wao wakuone wewe ukichoka, ukikosa jibu, ukichagua. Usiwapeleke kutoa tu. Wafundishe kupokea birika la maji kutoka kwa mtu aliyepoteza kila kitu, maana hapo ndipo wanapojifunza kwamba yeye ni mwenyeji na wao ni wageni. Agizo la wakubwa liheshimu, na ukilivunja, nenda ukaseme mwenyewe. Na mkisharudi, usifunge mlango ukidhani kazi imekwisha. Acha jiko lako wazi. Maswali huja siku za baadaye, vumbi likishaoshwa.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, na akupe macho ya kuiona sahani iliyofunikwa kabla hujaambiwa.